Kazi ya Kukaa na Watoto Baada ya Masomo: Taabu Zake na Faida Zake

Kila siku ya masomo, ifikapo saa tisa na nusu alasiri, kengele hulia katika shule za kutwa za Kenya. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zimeiweka saa hiyo kuwa mwisho wa masomo ya darasani. Kisha wanafunzi huwa na michezo na vyama vyao hata saa kumi na dakika arobaini na tano. Watoto wa madarasa ya chini huachiliwa mapema zaidi. Na kwa kuwa nchi yetu imepitiwa na mstari wa ikweta, jua hutua karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, mbele au nyuma kidogo. Basi baina ya mwisho wa masomo na giza kuna muda wa saa tatu hivi. Mwalimu amekwisha kufanya kazi yake, na mzazi bado hajarudi kutoka kazini. Je, saa hizo tatu ni za nani?

Swali hili lahusu miji yetu yote, na hata vijiji vingi. Lakini leo tutalitazama katika mtaa mmoja tu, yaani Kaptembwo, Nakuru, ili msomaji apate kuona jambo lenyewe lilivyo. Tutaeleza kazi ya watu wazima wanaojitolea kukaa na watoto katika saa hizo, wakiwasaidia masomo na kuwachezesha. Kazi hiyo ina taabu nyingi na faida nyingi, na mtu aliye na nia ya kuianza yafaa azijue zote mbili kabla hajawaita watoto.

WATOTO HUENDA WAPI?

Kaptembwo iko upande wa magharibi wa Nakuru, mji uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba, 2021. Wakaaji wake wengi ni wapangaji. Nyumba zake aghalabu ni ploti, maana yake safu za vyumba zinazotazamana, na katikati ni ua mmoja unaotumiwa na jamaa zote kwa kufulia, kupikia na kupitia. Jamaa moja, baba, mama na watoto, mara nyingi hukaa katika chumba kimoja. Wazazi huondoka alfajiri: huyu kwenda sokoni, huyu kutafuta kibarua cha kujenga au cha kufua nguo, huyu kuendesha bodaboda. Wengi hurudi taa zimekwisha kuwashwa.

Mtoto atokapo shuleni hukuta mlango umefungwa, na ufunguo uko kwa jirani, au umefichwa mahali anapopajua yeye na mama yake tu. Msichana wa miaka kumi huvua sare yake, akamchukua mdogo wake kwa jirani, akambeba mgongoni na kwenda kuchota maji. Mvulana hutafuta wenzake, wakafunga makaratasi na mifuko kwa kamba na kufanya mpira, wakacheza njiani mahali ambapo bodaboda hupita kwa kasi. Wengine huketi kizingitini tu, wakingoja. Kazi waliyopewa na mwalimu ya kufanya nyumbani hungoja pia, kwa maana chumbani hamna meza, na baada ya magharibi chumba ni jiko, ni sebule, na ni mahali pa kulala.

Haya hatuyasemi ili kuwalaumu wazazi. Mzazi anayerudi saa moja usiku na unga mkononi ametimiza wajibu mkubwa. Twasema tu kwamba saa tatu zile hazina mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe huchukuliwa na yeyote apitaye, mwema au mbaya.

WAZO HILI SI JIPYA

Tangu zamani wako watu nchini walioona upungufu huu. Mwaka 1959, katika Nairobi, Bwana Geoffrey Griffin pamoja na Bwana Geoffrey Geturo na Bwana Joseph Gikubu walianzisha Starehe, kituo cha wavulana waliokuwa hawana makao. Kilianza kwa vibanda, kikawa shule yenye sifa nchi nzima. Mwaka 1987 katika mtaa wa Mathare kilianzishwa chama cha michezo ya vijana kijulikanacho kwa jina la MYSA. Chama hicho kiliweka kanuni ya ajabu kidogo: timu ya mpira hupata pointi katika ligi si kwa kufunga mabao tu, bali pia kwa kusafisha mtaa. Watoto waliokuwa wakicheza kando ya takataka wakawa ndio wanaoziondoa.

Kazi hizi mbili hazifanani, lakini zote mbili zilidumu. Bwana Griffin aliiongoza Starehe tangu mwaka 1959 hata alipofariki mwaka 2005. Jambo la kudumu ndilo tunalotaka msomaji alishike, kwa kuwa ndilo gumu kuliko yote.

TAABU ZA KAZI HII

Tuseme kijana mmoja wa Kaptembwo amemaliza shule ya sekondari, na hajapata kazi. Anaona watoto wa ploti yao wakizagaa, moyo wake unaguswa, anaomba chumba katika kanisa la jirani, ananunua chaki, na kuwaambia watoto kumi waje kila siku saa kumi. Mwanzo wa ngoma ni lele. Siku ya kwanza watakuja kumi. Juma la pili watakuja arobaini, maana kila mtoto ana mwenzake, na kila mwenzake ana ndugu.

Hapo taabu ya kwanza huanza, nayo ni hesabu na umri. Miongoni mwa arobaini hao wamo wa miaka mitano wasiojua kushika kalamu, na wamo wa miaka kumi na mitatu wanaotaka kuulizwa hesabu za sehemu. Tena wasichana kadhaa watakuja na vitoto mgongoni. Kijana wetu atatamani kuwaambia, “Mrudishe mtoto nyumbani, kisha uje usome.” Asiseme hivyo. Nyumbani hakuna mtu wa kumpokea mtoto huyo; ndiyo maana yuko mgongoni. Kumfukuza mtoto mdogo ni kumfukuza msichana mwenyewe. Afadhali atandike mkeka pembeni, vitoto vikae hapo na vifuniko vya chupa vya kuchezea, na wasichana wapokezane kuviangalia.

Taabu ya pili ni njaa. Mtoto aliyekula kidogo saa saba, au asiyekula kabisa, hawezi kuangalia herufi saa kumi na moja, ataangalia dirisha. Kikombe cha uji hubadili jioni nzima. Lakini mtu asianze kupika uji pasipo kufanya hesabu. Uji ukipikwa Jumatatu, Jumanne watoto watakuwa maradufu, na Alhamisi unga ukiisha, wale waliokuja kwa ajili ya uji wataona wamedanganywa. Ikiwa wazazi wataweza kuchanga, huyu kikombe cha unga, huyu kuni au makaa, na wapange siku zao, basi uji na upikwe siku hizo tu, na watoto waambiwe mapema ni siku gani. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe lazima kijulikane ukubwa wake.

Taabu ya tatu ni wazazi wenyewe. Wengine watauliza, “Wafadhili wanakulipa kiasi gani?” Hawataamini kwamba hakuna anayemlipa. Wengine watafurahi kupita kiasi, wakamwacha mtoto hapo mpaka saa mbili za usiku, wakidhani kazi hii haina mwisho. Yote mawili huondolewa kwa kuwaita wazazi mapema, kuwaeleza wazi saa ya kufungua na saa ya kufunga, na kuwaonyesha daftari la mahesabu hata kama ndani yake mna shilingi mia mbili tu.

Taabu ya nne haiponyeki kwa mipango, nayo ni kuondokewa. Wapangaji huhama. Kodi ya chumba ikipanda, au kazi ya baba ikiisha, jamaa hufunga vitu vyao mwisho wa mwezi na kwenda Rhonda, au Njoro, au kurudi mashambani kwa babu. Mtoto uliyemfundisha kusoma kwa miezi mitano, ambaye juzi tu alisoma ukurasa mzima bila ya kukwama, leo haonekani. Unamwuliza jirani, naye anajibu, “Walihama jana usiku.” Hakuna kuaga wala barua. Wengi waliofanya kazi hii huona kwamba siku kama hiyo huuma kuliko kukosa mshahara. Faraja yake ni moja tu: ukurasa ule mtoto amehama nao.

NENO ZITO KULIKO YOTE

Lakini kuna upande wa pili wa jambo hilo hilo, nao ndio uliotufanya tuandike makala haya. Watoto hawahami peke yao. Wasaidizi nao huhama. Kijana wetu atapata kazi Naivasha au Nairobi, naye ana haki ya kuipata, kwa maana lazima ale. Au mgeni atakuja na kalamu mia, apigwe picha pamoja na watoto, aahidi kurudi, asirudi. Au kikundi kitaanza kwa nyimbo nyingi Januari, na kufikia mwezi wa Machi mlango una kufuli.

Mtu mzima husema, “Nilijaribu, haikuwezekana,” akaendelea na shughuli zake. Mtoto hasemi hivyo. Mtoto aliyekuja saa kumi akakuta kufuli hujiuliza amekosa nini. Akija kesho akakuta kufuli tena, huacha kuja. Na siku nyingine mtu mwema akimwita, hatamwamini haraka. Wale waliozoea kuachwa ndio wanaohitaji mtu kuliko wengine, na ndio wanaoumizwa zaidi na jambo lililoanzwa na kutupwa.

Wakati wa maradhi ya korona nchi nzima ilionja jambo hili. Shule zilifungwa katikati ya mwezi wa Machi mwaka 2020, madarasa machache yakarudi Oktoba, na watoto wote waliobaki wakarudi Januari 2021. Katika miezi ile saa tatu zisizo na mwenyewe zilikuwa siku nzima, na kila mzazi aliona jinsi mtoto asivyoweza kukaa bila ya mtu wa kumtazamia.

Kwa hiyo shauri letu ni hili: afadhali siku mbili kwa juma mwaka mzima, kuliko siku tano kwa juma kwa mwezi mmoja. Ahidi kidogo, ukitimize. Ukisema Jumanne na Alhamisi, saa kumi hadi saa kumi na mbili kasorobo, basi uwepo Jumanne na Alhamisi, hata mvua ya Aprili ikifanya njia kuwa tope na watoto wakaja watatu tu. Hao watatu watawaambia wengine kwamba ulikuwepo. Na ikiwa imekulazimu kuondoka, usiondoke kimya. Wape watoto habari majuma kadhaa kabla, waonyeshe atakayeshika mahali pako, kisha waage mmoja mmoja. Kuaga hakugharimu kitu, nako humfundisha mtoto kwamba mtu aweza kuondoka bila ya kumtupa.

FAIDA ZAKE

Huenda msomaji akauliza, “Kama taabu ni nyingi hivi, nani ataifanya kazi hii?” Tutaje basi faida.

Faida ya kwanza ni kusoma. Mwezi wa Januari mwaka 2003 Serikali iliondoa karo katika shule za msingi, na watoto zaidi ya milioni moja wakaingia shuleni kwa mara moja. Hilo lilikuwa jambo kubwa na jema, lakini madarasa yalifurika, na katika mitaa ya miji bado mengi yamejaa. Mwalimu mwenye watoto wengi mno hana nafasi ya kumsikiliza kila mmoja akisoma kwa sauti, hata kama angependa. Lakini msaidizi wa jioni ana nafasi hiyo. Watoto kumi, kila mmoja dakika tano, ni dakika hamsini. Hahitaji kuwa mwalimu mwenye cheti. Yahitajika ajue kusoma, awe mpole, na asimchekee mtoto akikosea. Anayesomewa kwa dakika tano, mara mbili kwa juma, huyaona maendeleo polepole kama mtu anavyouona mhindi ukikua: jana na leo hauoni tofauti, lakini mwisho wa mwezi unakufika kiunoni.

Faida ya pili ni mahali pa kufanyia kazi za shule. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutumiwa nchini mwaka 2019, huwataka watoto watende na kutengeneza vitu, wala si kukariri tu. Mtoto wa chumba kimoja hana pa kuweka gundi na makasha yake. Meza ndefu, makasi mawili na magazeti makuukuu hutosha kwa watoto wengi.

Faida ya tatu ni amani. Katika Kaptembwo hukaa Wakikuyu, Wakalenjin, Wajaluo, Waluhya, Wakisii na wengine wengi, ukuta kwa ukuta. Mwezi wa Januari mwaka 2008, baada ya uchaguzi, mapigano yalizuka katika Nakuru, na Kaptembwo ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoumia. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, na wengi wakahama. Waliokuwa watoto siku zile sasa ni wazazi. Hatudai kwamba mchezo wa mpira huzuia vita. Lakini watoto waliopokezana kikombe kimoja cha uji, na kutumia Kiswahili kuulizana hesabu, hujuana kwa majina kabla ya kujuana kwa makabila. Hiyo ni akiba, na akiba haiwekwi siku ya shida.

Faida ya nne ni ya msaidizi mwenyewe. Kijana asiye na kazi hujiona hana thamani, lakini apitapo njiani na watoto kumi wakamwita, “Mwalimu! Mwalimu!” hunyosha mgongo. Tena hujifunza kuweka daftari, kusema mbele ya watu, kupatanisha wagomvi, na kushika saa, mambo ambayo kila mwajiri huyataka.

KABLA YA KUANZA

Mtu mwenye nia hii na afuate hatua hizi.

Kwanza, asianze peke yake. Watafute wenzake, na kikundi chao kiandikishwe katika ofisi ya Maendeleo ya Jamii, kama ilivyoagizwa na Sheria ya Kuandikisha Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022. Waende kwa naibu wa chifu, kwa mzee wa mtaa, na kwa mwalimu mkuu wa shule wanakotoka watoto, ili kila mtu ajue ni akina nani, na wanafanya nini.

Pili, mahali pawe pa wazi. Mlango na madirisha yawe wazi, na siku zote wawepo watu wazima wawili au zaidi. Mtu mzima asikae na mtoto mmoja faraghani, hata kama nia yake ni safi. Kanuni hii humlinda mtoto, na pia humlinda mtu mwema asisingiziwe.

Tatu, fimbo isiwepo. Katiba ya mwaka 2010 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 zimekataza adhabu ya viboko shuleni; na kama mwalimu hana ruhusa, mtu wa kujitolea anaitoa wapi? Mtoto mkorofi apewe kazi ya kugawa vitabu au kufuta ubao. Mara nyingi ukorofi wake ni nguvu zilizokosa mahali pa kwenda.

Nne, liwepo daftari la majina, lenye jina la mtoto, la mzazi, ploti anayokaa, na simu ya mzazi. Jina lisipoitikiwa mara mbili, mtu aende kuuliza.

Tano, watoto warudi nyumbani kungali na mwanga, wale wa ploti moja wakiwa pamoja, na wakubwa wakiwashika wadogo mkono.

Sita, watoto hao wasigeuzwe kuwa biashara ya tuisheni. Sheria ile ya mwaka 2013 imekataza wanafunzi kulazimishwa masomo ya likizo. Tena mtoto aliyeketi darasani tangu asubuhi anahitaji kukimbia. Nusu ya muda iwe ya kucheza.

Saba, siku moja mtoto atakuja na alama mwilini, au atasema neno la kutisha kwa sauti ndogo. Msaidizi asimhoji kama polisi, wala asimwahidi kuificha siri, wala asiende kupigana na mtu wa nyumba ile. Amsikilize, amwambie amefanya vema kusema, kisha siku hiyo hiyo apeleke habari kwa afisa wa watoto au kwa polisi, au apige simu nambari 116, ambayo ni ya msaada wa watoto na haitozwi chochote. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 humpa kila mtoto haki ya kulindwa.

NENO LA MWISHO

Wazee walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Zamani kijijini malezi hayo yalikuwa ya watu wengi: shangazi, nyanya, na jirani aliyekuwa na ruhusa ya kumkanya mtoto wa mwenzake. Katika ploti ya mjini jirani wapo, lakini kila mmoja anakimbilia riziki yake, na jirani wa leo huenda asiwe jirani wa mwezi ujao. Kwa hiyo yale yaliyofanywa zamani bila ya kupangwa, sasa hayana budi kupangwa.

Hahitajiki tajiri wala mtaalamu. Anahitajika mama aliyestaafu, au kijana mwenye alasiri mbili kwa juma, ambaye atasema, “Nitakuwepo,” na kweli awepo. Ikifika saa kumi, mtoto wa Kaptembwo akipinda pembe ya ploti na kuukuta mlango u wazi kama ulivyokuwa juma lililopita, amekwisha kupata nusu ya msaada kabla hajafungua daftari lake.